Upande wa Kulia Unafifia

Kwa kawaida mkwe na mama mkwe hukutana mezani, wakaulizana habari za afya na za kazi, kisha kila mmoja akashika lake. Ndivyo heshima inavyotaka, na ndivyo walivyoishi hawa wawili tangu mama alipohamia kwa binti yake. Mama alikuwa fundi sauti mstaafu, aliyekaa kwenye studio za redio mpaka nywele zikabadilika rangi. Wenzake kule walimpa jina la Sikio, kwa sababu aliweza kumsikia mtangazaji akifunua ukurasa chumba cha pili na kumwambia kwamba amefunua kurasa mbili. Mkwe naye alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta, mtu wa maneno ya kuhesabika. Mama alipoulizwa na dada zake kuhusu huyo aliyemwoa binti yake, alijibu kwamba ni kijana mwema, ila anabonyezabonyeza kutwa nzima na hakuna kinachotoka.

Kilichowakutanisha ni kisanduku. Kilikuwa kadi ya sauti, ya zile zinazokaa nje ya kompyuta, yenye ukubwa wa boksi la viatu vya mtoto, matundu ya maiki mbele na msitu wa nyaya nyuma. Mama alikuwa nacho tangu alipostaafu. Kwa kisanduku hicho, katika chumba kidogo cha nyuma alichokibandika magodoro ukutani, alirekodi na kusawazisha kazi za vikundi vya waimbaji, matangazo ya maduka, hata hotuba za watu waliopenda kujisikia. Kompyuta yake ya zamani ilipokufa, mpya ikakikataa kisanduku. Waliokitengeneza walishakisahau, programu yake haikuandikwa upya. Na kadi ya namna hiyo bila programu ni kazi bure: sauti zinaingia, lakini huna pa kushika ili uzipange.

Mama hakulalamika. Alikifuta vumbi, akakiweka juu ya kabati, akakaa sebuleni akitazama dirishani. Binti yake alipomuuliza kama anaumwa, alisema, "Siumwi. Ila siku nikikosa cha kusikiliza, nizikeni."

Alisema kwa mzaha, lakini mkwe aliyekuwa pale hakucheka. Usiku ule ule alitafuta mtandaoni, akakuta kumbe hawako peke yao. Kulikuwa na watu waliotawanyika huku na huko, wote wana kisanduku kile kile, ambao walikuwa wameanza kuandika programu huria ya kukiendesha, yaani ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia bure, kuifungua na kuirekebisha. Ilifanya kazi, ila sura yake ilitisha. Dirisha zima lilijaa namba juu ya namba, na ukikosea moja spika zinapiga kelele mpaka jirani anakuja. Mkwe akajitolea kuitengenezea sura mpya. Mama akawa mpimaji wake.

Hapo ndipo nyumba ilipopata kelele. Mkwe alikaa chumba chake na msimbo, yale maandishi ya programu, mama chumba chake na hedifoni, na mazungumzo yakapita ukutani. "Mkwe, kitelezi cha tatu kimeshikana na cha nne, nikimpandisha mmoja mwenzake anafuata kama mapacha." Vitelezi ni vile vipini vinavyochorwa kwenye dirisha la programu, unavivuta juu sauti inapanda, unavishusha inashuka. "Nakiona mama." "Na hiki kitufe cha kunyamazisha umekiweka karibu na sauti ya hedifoni. Nani alikushauri? Nimemnyamazisha mpiga ngoma mara mbili na hajanikosea." Mkwe anakihamisha. "Na ukifika chini kabisa sauti inaruka ngazi. Sauti haiondoki hivyo, mkwe. Sauti inaondoka kama mgeni mwenye adabu, anaaga, anasimama mlangoni, ndiyo anatoka."

Hilo la mgeni lilimchukua mkwe majuma kadhaa kulipata, na alipolipata, mama alikivuta kitelezi chini taratibu, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ametoka." Mkwe alirudi chumbani kwake akitembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Alikuwa na wakubwa kazini waliomsifu mara nyingi, na hakuna sifa yao hata moja aliyowahi kuirudia kichwani kabla ya kulala.

Mama alikuwa na desturi moja aliyowafundisha vijana wote waliopita mikononi mwake, na mkwe naye akafundishwa. Kazi ikikamilika, alizivua hedifoni akazigeuza, ya kulia ikaja kushoto na ya kushoto ikaenda kulia, akasikiliza upya toka mwanzo. Kazi iliyosimama sawasawa haijali umeivaa vipi, alisema. Na ukisikia upande mmoja umelegea, usianze kuilaumu mashine. Geuza kwanza. Ulegevu ukihama, ni mashine. Usipohama, ni wewe.

Malalamiko ya upande wa kulia yalianza kidogokidogo. "Mkwe, huku kulia kunafifia." Mkwe akaangalia msimbo, hakuona kitu. Akaangalia zile taa za kipimo zinazopanda na kushuka kwenye dirisha, pande zote mbili zilikuwa sawa. Akamwambia hivyo, kwa upole. "Namba husoma, hazisikii," mama alijibu.

Sasa hapa ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa ambalo lisingefanyika nyumba nyingine yoyote. Mtu mwingine angeziamini namba. Lakini mkwe huyu alikuwa amekaa na sikio lile, alikuwa amelisikia likikamata makosa ambayo hakuna kipimo kilichoyaona, na akaamua kuwa namba ndizo zinazodanganya. Alijiambia kwamba kisanduku chenyewe lazima kilitoka kiwandani na upungufu upande wa kulia, na kipimo hakiuoni kwa sababu kinapima kabla sauti haijatoka. Akaandika mistari michache ya kuupandisha upande huo desibeli tatu, vipimo vya ukubwa wa sauti. Mama akasema afadhali. Akaongeza zikawa sita. Mama akasikiliza tena, akasema, "Sasa tunaelewana." Mkwe akafurahi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa watu, akaitoa programu hiyo kwa wote wenye kisanduku kile duniani, akieleza kwa fahari kuwa ubovu wa siku nyingi umepatikana.

Haikuchukua muda. Mpiga gitaa mmoja wa mbali akaandika kuuliza mbona gitaa lake limehamia kulia. Mwingine akaandika: "Tangu toleo jipya sauti yote imelala upande mmoja. Nimebadilisha waya, nimebadilisha spika, nimebakiza kubadilisha nyumba." Wa tatu, wa nne, wote wimbo ule ule.

Mkwe alisubiri mama atoke kwenda dukani, akaingia chumba cha nyuma. Alichukua waya mfupi, akachomeka ncha moja kwenye tundu la kutolea sauti na nyingine kwenye tundu la kuingizia, kisanduku kikawa kinajisikiliza chenyewe. Aliiondoa ile mistari yake, akapima kushoto, akapima kulia. Sawa kabisa. Akabadilisha waya, akapima tena, akabadilisha matundu. Sawa. Alikaa kwenye kiti cha mama na ule waya mkononi, na hapo ndipo lilipomjia jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake muda wote: ni lini mara ya mwisho alimwona mama akizigeuza hedifoni? Hakukumbuka. Mama, aliyewafundisha watu wote kugeuza kwanza, alikuwa ameacha kugeuza. Moyo wa mkwe ulimuuma, kwa kweli ulimuuma, maana alielewa kuwa mtu haachi desturi ya maisha yake kwa kusahau.

Mke wake alikuwa mkunga, na jioni ile alirudi kutoka zamu amechoka. Mkwe alimsubiri avue viatu ndipo akamweleza.

"Najua," mke alisema. "Simu siku hizi anaiweka kushoto. Na mezani amehama kiti, hujaona? Amehama ili mimi niwe upande wake wa kushoto."

"Na hukusema?"

"Nilimwambia akapimwe. Akaniuliza nani wa kumpima, ilhali yeye ndiye aliyekuwa akiwapimia watu." Alijisugua miguu. "Mwambie wewe. Wewe anakusikiliza."

"Mimi? Mkwe? Nimwambie mama yako sikio lake limekufa?"

"Si ndiyo hivyo, na kama wanavyosema, sikio la kufa halisikii..." Akaishia hapo, akajifunika mdomo. Walitazamana, wakacheka bila kupenda, kisha kicheko kikakatika chenyewe na mke akafuta macho kwa ncha ya sare yake.

Tatizo halikuwa heshima peke yake. Majuma machache nyuma, kwaya moja ilikuwa imemletea mama rekodi ya nyimbo zao, albamu yao ya kwanza, aisawazishe ili Jumamosi fulani waje kuisikiliza. Mwalimu wa kwaya alikuwa amesema waziwazi kwamba hawakuja kwa sababu ya mashine, wamekuja kwa Sikio. Tangu siku hiyo mama alikuwa anaamka mapema kuliko wote. Alikuwa ameanza tena kupaka mafuta mikono kabla ya kuingia chumba cha nyuma, kama alivyofanya redioni. Kazi hiyo ikitoka imelala upande mmoja, jina lake lingekwenda nayo, na hakuna ambaye angemletea nyingine. Angerudi dirishani. Mkwe aliliona dirisha lile kila alipofumba macho.

Basi akatafuta njia ya mtu mwoga mwenye mapenzi, na njia za namna hiyo huwa hazikosekani. Kwenye programu ya watu wote aliirudisha hali ya zamani na kuwaomba radhi. Lakini kwenye kompyuta ya mama aliacha kitu. Sauti ndani ya kisanduku hupita njia mbili: moja inakwenda kwenye rekodi, nyingine inakwenda masikioni mwa fundi. Aliipandisha kulia hii ya masikioni tu, desibeli zile zile sita, na ile ya rekodi akaiacha ilivyo. Kwenye dirisha hakuweka alama yoyote. Mama atasikia sawa, kazi itatoka sawa, na hakuna wa kuumia. Alijiambia kwamba ndani ya kazi hakuna uongo, uongo uko kwenye hedifoni peke yake.

Na mambo yakaenda. Mama alifanya kazi akiimba chini kwa chini. Ni kweli macho yake siku hizi hayakubanduka kwenye taa za kipimo, yeye aliyekuwa akizidharau, lakini mkwe hakutaka kulifikiria sana hilo. Ukutani mazungumzo yaliendelea, kitelezi hiki, kitufe kile, na kuhusu kulia hapakuja neno. Siku moja alitoka chumbani akamkuta mkwe anaosha vikombe, akamwambia, "Umenifanyia kazi nzuri. Nilishaanza kudhani mambo mengine." Hakusema mambo gani. Mkwe aliinamia vikombe na kuviosha mara ya pili.

Siku mbili kabla ya kwaya kuja, mama alimwita. "Imekwisha. Njoo uone mwanamke anavyomaliza kazi." Alikuwa amevaa hedifoni, uso umechangamka kama wa binti aliyefaulu mtihani. Wimbo ukaisha. Akapangusa mikono kwenye gauni, akazivua hedifoni, akazigeuza.

Mkwe aliona mikono ile ikizigeuza. Aliielewa hesabu yote kwa mara moja. Ni yeye aliyempa mama ujasiri wa kugeuza. Na mama akigeuza, upande uliopandishwa utaingia sikio zima, na sikio dhaifu litapata ule usiopandishwa, na kwaya nzima itaanguka kushoto.

"Mama, chai yako inapoa," alisema.

"Chai itangoja." Akazivaa, akabonyeza.

Uso wake haukubadilika haraka. Alisikiliza ubeti mmoja. Alizivua, akazivaa sawasawa, akasikiliza. Akageuza tena. Halafu akasimamisha wimbo, akakaa ameziweka hedifoni mapajani, akizishika kwa mikono miwili. Fundi ni fundi, hakuhitaji kuelezwa.

"Umenipandishia kulia," alisema. "Masikioni tu."

"Ndiyo, mama."

"Kwenye kazi hukugusa."

"Sikugusa. Taa zinaonyesha kazi iko sawa."

"Taa," mama alisema. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kisanduku hakina ubovu."

"Hakina."

"Hakijawahi kuwa nao."

"Hakijawahi, mama."

"Asante, mkwe," alisema, kama mtu anavyomshukuru karani aliyemwambia arudi kesho. Akasimama, akaanza kuzikunja nyaya. Alizikunja vizuri, moja moja, kitanzi juu kitanzi chini, bila fundo, maana hasira haikuwahi kumfanya akunje waya vibaya. Akakirudisha kisanduku kwenye boksi lake. Mezani usiku ule alizungumzia mvua.

Mke alipoyasikia yote, mkwe alitegemea ampe pole, lakini wapi. "Kwa hiyo watu wa mbali uliwapa toleo la kweli," alisema, "na mama yangu ukampa la uongo."

"Nilitaka asiumie."

"Mimi kazini nawaambia watu mambo makubwa kuliko hilo, tena wakiwa wamelala chali. Mtu akiambiwa na mtu anayempenda anaumia, halafu anashika mkono wako. Akigundua mwenyewe, atashika nini?" Akazima taa, akamgeuzia mgongo. Baadaye kidogo alirudisha mkono nyuma na kuuweka juu ya mkono wa mumewe, kwa sababu hakuwa mwanamke wa kulala na kinyongo, lakini neno lake hakulirudisha.

Asubuhi, kabla hajanywa chochote, mkwe alikaa kwenye msimbo. Kile alichokuwa amekificha alikitoa nje, akakipa kitelezi chake, akakiweka kwenye dirisha pamoja na vitelezi vingine. Kisha akapiga moyo konde, akaenda kwenye mlango wa mama.

"Hodi, mama."

"Ingia."

Alikuwa ameketi kitandani, amevaa vizuri, simu mkononi. Boksi la kisanduku lilikuwa miguuni pake. Mkwe hakukaa kwenye kiti. Aliketi chini kwenye mkeka, akatazama mikono yake mwenyewe.

"Nimekuja kuomba radhi. Ningekuambia siku ile ile nilipopima. Sikujua nianzeje."

"Ungeanza na 'mama', halafu ukaendelea."

"Niliogopa utaacha."

"Ningeacha nini?"

"Kazi. Kelele za ukutani. Niliogopa utarudi kukaa dirishani. Na mimi ningebaki upande wa pili nabonyeza peke yangu."

Mkwe hakuwa amewahi kutoa maneno mengi namna ile kwa mkupuo mmoja, na wote wawili walilijua hilo.

"Unajua kilichoniuma ni nini?" mama alisema. "Si sikio. Mtu mzima anajua mwili wake unamwibia wapi. Nimekaa mezani pa kazi miaka yote hii na hakuna kipini hata kimoja kilichofanya kazi bila mimi kukiona. Wewe umenifanya abiria kwenye meza yangu mwenyewe."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe, tangu alfajiri. Sasa ngoja, nina simu ya kupiga."

Alibonyeza, akaiweka simu sikio la kushoto, mbele ya mkwe, bila kujificha. Mwalimu wa kwaya alipopokea, mama alimsalimu, akauliza habari za waimbaji, kisha akasema moja kwa moja, "Mwalimu, sikio langu la kulia limechoka. Halisikii lilivyokuwa likisikia. Ningependa ulijue hilo kabla ya Jumamosi. Mkitaka kupeleka kazi yenu kwa mtu mwingine, chukueni bila aibu, mimi sitanuna."

Sauti ya mwalimu ikaja, nene, inayosikika chumba kizima.

"Mama, mimi nina waimbaji ambao masikio yao yote mawili ni mazima, na mwaka wa kumi huu hawasikii ninachowaambia. Tutakuja Jumamosi kama tulivyopanga. Tutasikiliza pamoja. Wewe ukipitwa na upande, sisi tupo wengi."

Mama alimshukuru, akakata simu. Mkwe alikuwa anatazama mkeka ili asilie mbele ya mama mkwe.

"Kuna toleo jipya," alisema. "Nahitaji mpimaji."

"Kile kipini chako umekiweka nje?"

"Nimekiweka nje."

Mama alilisukuma boksi kwa mguu kuelekea kwake. "Beba basi. Unataka mimi ndiye nibebe?"

Walichomeka nyaya pamoja. Dirisha lilipofunguka, mama alivaa miwani, akasogea karibu, akalikagua kama mama mwenye nyumba anavyokagua chumba kilichofagiwa na mgeni.

"Ndiyo hiki? Mbona kidogo hivi? Umekiweka pembeni kama mtoto aliyeadhibiwa."

"Nitakisogeza."

"Kisogeze katikati, na kiwe sawa na wenzake. Na hapa umeandika nini? 'Msaada wa usikivu.' Msaada wa nini? Kila kipini hapa ni msaada. Kama mtu angesikia kila kitu mwenyewe angenunua mashine ya nini? Andika 'Sikio la kulia'. Na weka cha pili, 'Sikio la kushoto', maana wako wengine huko mbali ambao wao ni kushoto, na wamekaa kimya kama mimi."

Mkwe alifuta, akaandika, akavuta, akapanga. Vikakaa viwili katikati ya dirisha, vikubwa, kila kimoja na jina lake. Alipomaliza alimpa mama kiti. Mama alivaa hedifoni sawasawa, akauanzisha wimbo wa kwaya, akakishika kitelezi cha sikio la kulia kilichokuwa chini kabisa, akaanza kukivuta.

Moja. Mbili. Nne. Kilipofika sita mkwe alimwonyesha kwa kidole. "Hapo ndipo nilipokuwa nimekiweka, mama. Uliposema tunaelewana."

Mama alitikisa kichwa kukubali, lakini mkono haukusimama. Ulipita sita. Ulipita saba, ukapita nane, taratibu, kama mkono wa mtu anayejua anachokitafuta. Mkwe aliitazama namba ikipanda na kidole chake kikabaki hewani pale pale kwenye sita. Kitelezi kilisimama kwenye kumi na mbili.

"Nilikuwa nakuambia nusu," mama alisema, bila kugeuka. "Nusu nyingine hata mimi nilikuwa sijiambii."

Mkwe alizifikiria siku zote alizokuwa akijibu kutoka chumba cha pili kwamba amesharekebisha, mama, na mama anaitikia sawa, huku amekaa peke yake kwenye kiti hiki anaangalia taa ili ajue watu wa kulia kama bado wanaimba. Alitaka kusema pole. Aliweka tu mkono wake kwenye mgongo wa kiti.

Mama alikuwa amefumba macho. Hakuwa anatazama taa. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, na midomo yake ilikuwa imeanza kutabasamu.

"Kazi haijaisha hii," alisema, kwa sauti kubwa kidogo, kama wanavyosema watu wenye hedifoni masikioni. "Kuna mama mmoja huku mwisho kabisa wa mstari, anavuta pumzi kabla ya wenzake wote. Maskini, na ana sauti nzuri. Mimi nilikuwa simsikii kabisa, kana kwamba amekuja kusimama tu."